Saa saba jukwaani: WITCH na roki ya Zambia

Onyesho la kawaida la WITCH lilianza saa moja jioni na kumalizika saa nane usiku. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya 1970, bendi kubwa za roki za Uingereza na Marekani kwa kawaida zilipanda jukwaani, zikapiga kwa muda wa saa moja na nusu au mbili, zikapokea makofi na kurudi hotelini. Kufikia muda huo, vijana wa WITCH kutoka Kitwe, kwenye ukanda wa migodi ya shaba wa Zambia, walikuwa hawajafika hata katikati ya kazi yao.

Mbele alikuwa Emanyeo Chanda, mwimbaji ambaye Zambia nzima ilimjua kwa jina la Jagari. Kusema kwamba alisimama mbele ni kumpunja, maana kusimama hakukuwa kazi yake. Alicheza kama aliyepandwa na mzuka. Ukumbi ukiwa na roshani, alipanda huko juu na kujirusha. Watu walichachamaa kiasi kwamba mara nyingine polisi walihitajika kuwatuliza mashabiki. Jina la Jagari alilipata kwa Mick Jagger wa Rolling Stones, lakini likatamkwa Kizambia mpaka likawa lake.

Jina la bendi nalo lilikuwa na vituko vyake. WITCH zilikuwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayotangaza nia ya kuleta vurugu, na mashabiki waliyajua maneno hayo kwa moyo. Kwa vijana wa miji ya migodini, ambao wazazi wao walikuwa wametoka vijijini kuja kuchimba shaba na walikwenda kanisani kila Jumapili, kujiita mchawi hadharani na kuandika hivyo kwenye ngoma kulikuwa uchokozi wa kutosha hata kabla gitaa halijaguswa.

Leo jina hilo linasikika tena, na kwa upana kuliko wakati wowote. Albamu zao za zamani zinauzwa upya Ulaya na Marekani, filamu imetengenezwa, na Chanda, ambaye sasa amevuka miaka 70, yumo safarini na bendi. Vijana wanaoingia kwenye roki ya Zambia kupitia simu zao hukutana kwanza na rekodi. Ni mlango mzuri, ila unaweza kuwapoteza, kwa sababu enzi zile rekodi ilikuwa jambo la pembeni. WITCH walikula, walivaa na walipata sifa kwa kupiga laivu.

Ili kuelewa hilo inabidi kurudi Copperbelt, ule ukanda wa migodi ya shaba. Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa moja ya nchi zinazozalisha shaba kwa wingi zaidi duniani, na zaidi ya asilimia 90 ya fedha zake za kigeni zilitokana na madini hayo. Kitwe, Ndola, Chingola na Mufulira ilikuwa miji yenye mishahara. Makampuni ya migodi yalikuwa yamejenga kumbi za starehe, viwanja vya mpira na sinema kwa ajili ya wafanyakazi wake. Kulikuwa na umeme, baa na mahoteli, na vijana waliozaliwa mjini ambao hawakuona sababu ya kucheza muziki wa baba zao peke yake. Redio zilizovuka mipaka ziliwaletea Hendrix, James Brown na Deep Purple. Rais mwenyewe, Kenneth Kaunda, alikuwa mpiga gitaa. Wasomaji wa umri fulani Tanzania na Kenya watamkumbuka akiwa na kitambaa chake cheupe mkononi, akiongoza umati kuimba Tiyende Pamodzi.

Kilichokosekana kilikuwa tasnia yenyewe. Zambia ilikuwa na redio ya taifa na wanamuziki wengi hodari, lakini kwa bendi ya vijana wa Kitwe hapakuwa na kampuni ya kuwasainisha, kuwalipia studio, kuwachapia santuri na kuzisambaza madukani. Kwa hiyo WITCH ilipoanza, safu ikiundwa na wapigaji waliotoka katika vikundi vya Kitwe kama Kingston Market na Boyfriends, swali la kama wawe bendi huru au ya kampuni halikuwahi kuulizwa. Chris Mbewe alishika gitaa la solo, John Muma gitaa la rithimu, Gedeon Mulenga besi, na Boidi Sinkala drams. Wakawa huru kwa sababu hapakuwa na wa kuwamiliki.

Katika hali hiyo, jukwaa ndilo linalolipa. Kiingilio ndiyo mapato, na anayelipa kiingilio yupo pale pale mbele yako, hana subira, na anaweza kwenda baa ya jirani. Kijana wa mgodini aliyepokea mshahara mwisho wa mwezi hakutaka kusikia nyimbo kumi na usiku mwema. Alitaka usiku mzima. Bendi ilianza na nyimbo za kukopi za wazungu ambazo watu walikwisha kuzisikia redioni, ikachomeka zake taratibu, ikanyoosha wimbo wa dakika nne ukawa wa dakika kumi na tano kwa solo la gitaa, ikapumzisha waimbaji huku drams zikiendelea. Msomaji aliyewahi kukesha na Mlimani Park pale DDC Mlimani, au na Vijana Jazz kule Kinondoni, haoni ajabu yoyote hapo: dansi letu limekuwa likifanya hivyo tangu zamani. Ajabu ni kufanya hivyo kwa roki, muziki unaomtaka mwimbaji apige kelele na mpiga drams agonge kwa nguvu zote tangu wimbo wa kwanza. Dansi lina nafasi ya kupumulia katikati ya chemko. Roki ya WITCH ilikuwa na chemko tu.

Saa saba kila onyesho ni shule isiyo na mtihani wa mwisho. Baada ya miezi kadhaa ya kazi hiyo, wapigaji huacha kuangaliana. Mpiga besi hujua solo litaisha lini kabla mpiga solo mwenyewe hajaamua. Ukisikiliza albamu mbili za mwanzo za WITCH unausikia ujuzi huo, na pia unausikia umaskini wa mitambo. Sauti ni kavu, gitaa limekorogwa na kanyagio la fazi mpaka linakwaruza, na ala zote zimebanana kama abiria. Hata hivyo hakuna anayepotea njia. Ni bendi inayopiga kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, kama ilivyozoea, na mtu ameacha mashine ya kurekodi ikizunguka.

Albamu ya kwanza, Introduction, ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wengi wanaihesabu kuwa albamu ya kwanza ya kibiashara ya bendi ya Zambia. Bendi iliigharamia yenyewe. Kwa kuwa Zambia haikuwa na mtambo wa kuchapa santuri wakati huo, kazi ilipelekwa Nairobi, ikachapwa nakala chache, zikarudishwa na kuuzwa kwenye maonyesho. Fikiria mzunguko huo: watu wanalipa mlangoni, wanacheza mpaka jasho linawatoka, kisha wakitoka wananunua santuri kama kumbukumbu ya usiku waliouona kwa macho yao. Albamu ya pili, In the Past, ya mwaka 1974, ilifuata njia hiyo hiyo.

Nairobi inastahili kutajwa zaidi ya mara moja katika habari hii. Mji ule ulikuwa na studio na viwanda vya santuri vilivyohudumia nusu ya Afrika, na wanamuziki wa Zambia waliujua vizuri. Bendi ya Musi-O-Tunya, iliyobeba jina la wenyeji la maporomoko ya Victoria na iliyokuwa na mpiga gitaa Rikki Ililonga, ilipiga muziki Kenya na kurekodi Nairobi. Msafara ulikuwa wa pande zote mbili. Sunburst, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1970 ikiwa na wanamuziki kutoka zaidi ya nchi moja, ilichanganya roki, soul na midundo ya nyumbani kwa namna ambayo haikuwa ya kawaida katika dansi la Tanzania, na albamu yake Ave Africa ya mwaka 1976 ilitengenezewa Zambia. Rekodi za Sunburst zilikaa gizani kwa miongo minne hadi Strut Records ya London ilipozitoa upya mwaka 2016. Kwa hiyo anayesema roki haikuwahi kuwa muziki wa ukanda huu hajatafuta vya kutosha.

Muziki huo wa Zambia ulipewa jina la Zamrock na mtangazaji wa redio Manasseh Phiri. Jina lilishika. Chini yake walikusanyika watu wa mitindo tofauti sana: Amanaz, waliotoa albamu yao ya pekee mwaka 1975, Keith Mlevhu, Chrissy Zebby Tembo, na Paul Ngozi, ambaye alipiga gitaa kwa meno na kuimba kwa lugha za mitaani kuhusu ndoa, wivu na majirani. Ngozi alipendwa sana na watu wa kawaida, na kuna wanaoshikilia kuwa yeye ndiye aliyekuwa Mzambia kamili kuliko wote. Hoja yao ina uzito. WITCH waliimba zaidi kwa Kiingereza, na miaka yao ya mwanzo ilikuwa na mwigo mwingi ndani yake. Lakini ukumbini, kwa ushahidi wa watu wa enzi ile, walikuwa hawana mpinzani.

Serikali nayo ilitia mkono. Katikati ya miaka ya 1970 Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Amri za namna hiyo huwa na lengo la kuimarisha ngoma za jadi, na bila shaka rais aliwaza hivyo. Vijana wa Copperbelt waliitii kwa njia yao. Magitaa yaliendelea kunguruma, sasa yakiwa yamepigwa na Wazambia, na redio ikalazimika kuyapokea. Wakati huo huo soko lilianza kupata wenyewe. Mfanyabiashara Edward Khuzwayo wa Ndola, kupitia lebo yake ya Zambia Music Parlour, alianza kutoa santuri za bendi hizi, na WITCH wakaingia kwake na Lazy Bones!!, albamu ya mwaka 1975.

Lazy Bones!! ndiyo kazi yao bora, na hapa mwandishi hana haja ya kuzungukazunguka. Bendi inasikika imeiva. Kanyagio la wah-wah linatumika kwa kiasi, nyimbo zina huzuni ambayo haikuwapo kwenye albamu za mwanzo, na Chanda anaimba kwa sauti ya chini mahali ambapo miaka miwili nyuma angepiga ukelele. Mwaka uliofuata walitoa Lukombo Vibes, ambayo ndani yake midundo ya Afrika imepewa nafasi pana zaidi. Wakati huo Osibisa, Waafrika na Wakaribi waliokuwa wakiutikisa mji wa London, walikuwa wamewaonyesha vijana wengi wa bara hili kwamba unaweza kuwa na gitaa la umeme na ngoma ya nyumbani katika wimbo mmoja bila kuomba radhi kwa yeyote.

Kisha nchi ikaanza kuwageuka. Bei ya shaba, iliyokuwa imepanda sana mapema mwaka 1974, ilianguka kwa zaidi ya nusu ndani ya muda mfupi, na uchumi wa taifa zima ukaanguka nayo. Mafuta na bidhaa viliadimika. Mpaka na Rhodesia ulikuwa umefungwa tangu Januari 1973, na mzigo wa Zambia ukageuziwa kaskazini, kwenye barabara na reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam. Kaunda aliwapa hifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe, na jeshi la Ian Smith wa Rhodesia likavuka mpaka kuwafuata. Oktoba 1978 ndege za Rhodesia zilishambulia kambi iliyo karibu na Lusaka. Mwaka 1979 makomando walifika hadi ndani ya jiji kumtafuta Joshua Nkomo, kiongozi wa wapigania uhuru hao, na baadaye mwaka huo wakalipua madaraja, likiwemo la TAZARA juu ya mto Chambeshi.

Kwa bendi ya usiku, vita vya namna hiyo vina maana ya moja kwa moja: amri ya kutotoka nje na taa kuzimwa. Onyesho la kumalizika saa nane usiku halikuwezekana tena. Bendi zililazimika kupiga mchana, na roki ya saa nane mchana, jua likichungulia madirishani na watoto wakipita, haina utisho wowote. Anayetafuta sababu ya kufa kwa Zamrock mara nyingi huambiwa kuhusu disko na kanda za wizi, na kweli vyote viwili vilichangia. DJ mmoja na mashine mbili ni rahisi kuliko watu watano na vyombo vyao. Lakini WITCH walijengwa na usiku mrefu, na usiku huo uliondolewa kwa amri ya usalama. Hilo, kwa maoni ya mwandishi huyu, liliwaumiza kuliko disko.

Chanda aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Alisomea ualimu wa muziki katika Chuo cha Evelyn Hone, Lusaka, akafundisha, na baadaye akageukia uchimbaji wa vito, akitafuta amethisto ardhini kwa matumaini yale yale ya kila mchimbaji mdogo wa Mererani au Geita. Pia aliokoka. Bendi iliendelea bila yeye, ikamwingiza mpiga kinanda Patrick Mwondela, ikahamia kwenye disko na kutoa Movin' On mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984. Ni muziki safi wa kuchezea, na kuna wakusanyaji wanaoupenda kuliko wa kwanza. Hata hivyo aliyewaona vijana wa roshani angepata shida kuwatambua.

Halafu ukimwi. Zambia iliumizwa na ugonjwa huo mapema na vibaya, na wanamuziki walikuwa miongoni mwa waliokufa kwa wingi. Kufikia mwaka 2001, wenzake Chanda wote wa safu ya awali ya WITCH walikuwa wamekwisha fariki. Paul Ngozi alikufa mwaka 1989. Kizazi kizima kilichojua kupiga muziki huo kiliondoka na siri zake. Ndiyo maana kijana wa Lusaka wa miaka ya 1990 angeweza kukua bila kusikia neno Zamrock hata mara moja.

Waliolifufua walikuwa wakusanyaji wa santuri wa nchi za mbali. Nakala za awali za albamu za Zambia, ambazo zilichapwa chache na kuchezwa mpaka zikachakaa, zilianza kuuzwa kwa mamia ya dola, na nyingine kwa zaidi ya elfu. Eothen Alapatt wa lebo ya Now-Again ya Los Angeles alishirikiana na Chanda kuzitoa upya kazi za WITCH, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 albamu zao zilikusanywa katika kifurushi kimoja chenye jina kamili la bendi. Wazungu wenye masikio mazuri wakasema wamegundua muziki mpya. Uzee una mizaha yake.

Hapo ndipo ilipokuwa hatari, kwamba WITCH wangegeuka kuwa kitu cha kabatini: santuri adimu, jalada zuri, hadithi ya kusikitisha. Kilichowaokoa ni kwamba mmoja wao alikuwa hai na bado alitaka kucheza. Mwaka 2014 Gio Arlotta, mtengeneza filamu kutoka Italia, alikwenda Zambia kumtafuta Chanda. Alifuatana na wanamuziki wawili kutoka Uholanzi, Jacco Gardner na Nic Mauskovic. Walimkuta, wakapiga naye muziki, na ziara ya kutengeneza filamu ikageuka kuwa kuundwa upya kwa bendi. Mwondela, mpiga kinanda wa enzi ya disko, akarudi. Mpiga gitaa JJ Whitefield kutoka Ujerumani akaingia. Mwaka 2017 WITCH wakapanda majukwaa ya Ulaya, miaka zaidi ya arobaini baada ya mashabiki wa Kitwe kuwaweka kileleni. Filamu, yenye jina la bendi, ilikamilika mwaka 2019.

Hakuna anayepiga kwa saa saba siku hizi. Sheria za kumbi haziruhusu, na magoti ya mzee yana ukomo. Lakini mfumo wa zamani bado unaonekana ndani ya onyesho fupi: nyimbo zinafuatana bila porojo nyingi, solo linanyooshwa pale umati unapokubali, na Chanda bado hachukulii kwamba wasikilizaji wake wamekwisha kutekwa. Anawafanyia kazi. Wengi wanaokuja hawakuwa wamezaliwa Lazy Bones!! ilipotoka, hawajui Kibemba wala Kinyanja, na wengine hawawezi kuionyesha Zambia kwenye ramani. Wanaondoka na jasho, kama wachimbaji wa mwaka 1973, na wakifika mezani kwenye santuri wananunua.

Mwaka 2023 walitoa Zango, albamu yao ya kwanza tangu Kuomboka, iliyorekodiwa Lusaka. Walioalikwa humo ni pamoja na Keith Kabwe wa Amanaz, mmoja wa wazee wachache waliobaki, na Sampa the Great, rapa mzaliwa wa Zambia. Ushiriki wa Sampa una uzito wake. Mwaka 2022 alikuwa amemwalika Chanda kwenye albamu yake, na bendi ya Wazambia iliyompigia kwenye tamasha la Coachella mwaka huo ilikuwa ya kwanza kutoka nchi hiyo kufika pale. Kwa mara ya kwanza uzi wa Zamrock ulishikwa na mkono wa Mzambia kijana badala ya mkusanyaji wa California. Mwaka 2024 Tyler, the Creator alichukua kipande cha Ngozi Family, bendi ya Paul Ngozi, na kukiweka kwenye wimbo wake Noid, na ghafla mamilioni ya vijana wakawa wanasikia Kinyanja cha miaka ya 1970 kwenye vipokea sauti vyao. WITCH wenyewe walifuatia na albamu nyingine, Sogolo, mwaka 2025.

Wapo wanaouliza kama hii bado ni WITCH. Mwanachama wa awali ni mmoja tu, mwingine alijiunga zama za disko, na magitaa yamo mikononi mwa Wazungu. Swali ni halali, na bendi nyingi zilizofufuliwa kwa ajili ya ziara za kumbukumbu hazistahili majina zinayotumia. Hawa wanastahili. Wamerekodi nyimbo mpya badala ya kuuza za zamani tu, wamewarudisha studio wazee wenzao, wamefungua mlango kwa waimbaji vijana wa kike wa Zambia, na wanapimwa mahali pale pale walipopimwa zamani, mbele ya watu waliolipa. Isitoshe, aliyebaki ndiye aliyeruka kutoka roshanini.

Kinachokera ni ramani ya ziara zao. Tarehe nyingi ni za Ulaya na Marekani Kaskazini, kwa sababu huko ndiko kuna mapromota wenye fedha na mashabiki walionunua santuri zilizotolewa upya. Lakini albamu yao ya kwanza ilichapwa Nairobi, na reli inayoanzia Kapiri Mposhi, si mbali na Copperbelt, inaishia Dar es Salaam. Zanzibar ina Sauti za Busara, tamasha ambalo tangu mwaka 2004 limekuwa likijitapa, kwa haki, kwamba muziki wake wote ni wa laivu. Waandaaji wa matamasha wa ukanda huu wanaotafuta bendi ya kufunga usiku wa Jumamosi wapige simu Lusaka, na wapige mwaka huu, kwa sababu Chanda ni mzee na hakuna Jagari wa pili.